Kijiji cha Marika Rungwe: Je, Kijiji ni Ukoo?

Wahakiki wengi, wakiwemo wenzetu tunaokaa nao darasani, wakikutana na kijiji katika riwaya hukimbilia neno moja: ukoo. Kijiji cha jadi, tunaambiwa, ni baba, wanawe, wajukuu na makaburi ya mababu. Katika makala hii nakusudia kulipinga wazo hilo kwa ushahidi wa Wanyakyusa wa Rungwe. Huko kijiji kilijengwa na marika.

Mambo yalikuwa hivi. Mtoto wa kiume akifikia miaka kumi hivi, aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake walijijengea vibanda pembeni mwa kijiji cha wazazi. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa, wake zao waliwaleta hapohapo, kibanda kikawa nyumba. Halafu, mara moja katika kila kizazi, ilifanyika sherehe ya ubusoka: kizazi cha wazee kiliwakabidhi vijana uongozi, na nchi ya malafyale, yaani mtemi, ikagawanywa kwa wanawe wakubwa.

Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu chake Good Company. Jina hilo linaelekea kwenye neno la Kinyakyusa ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza nao. Mtu alijifunza adabu na usemaji kwa wenzake. Sisi wanafasihi tusilipite hilo hivihivi: baraza la rika lilikuwa shule ya lugha.

Lakini tusije tukaipamba jadi kupita kiasi. Mkosaji aliogopa "pumzi ya watu", maana hasira ya wanakijiji iliaminika kuleta maradhi. Na mwanamke je? Yeye hakuwa na kijiji cha rika lake; aliolewa akahamia kwenye kijiji cha mume. Monica Wilson mwenyewe anaeleza kwamba mpango huu uliwaweka vijana mbali na wake wadogo wa baba zao. Basi, ukwangala ulikuwa zaidi raha ya wanaume.

Mpango huo haukuvunjwa kwa siku moja. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo Rungwe mwaka 1891. Wajerumani wakaifanya Tukuyu makao ya utawala, wakaiita Neu-Langenburg. Vijana wakaenda kutafuta mshahara kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini. Kahawa nayo ni mmea wa miaka mingi; aliyeipanda hakupenda tena kuhamahama, alitaka shamba limfikie mwanawe. Ukoo ukapata nguvu pale ambapo rika lilitawala. Mwaka 1963 utemi nao ukafutwa kisheria.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la 1962 juu ya ujamaa, aliuweka msingi wake kwenye familia pana. Rungwe inatuonyesha msingi mwingine: watu wa umri mmoja waliochagua kuishi pamoja. Kwa hiyo tunapoisoma Gamba la Nyoka ya Kezilahabi (1979), inayosaili sera ya vijiji, tusiseme tu kwamba "jadi" imevunjwa. Tuulize kwanza: ni kijiji cha aina gani, kilijengwa na nani, na nani hakupewa nafasi barazani?