Mifugo ya Nyama na Kilimo cha Samadi: Historia Fupi

Katika kutimiza miaka kumi ya Chama chetu, wanachama wengi wametuuliza habari za kufuga ng'ombe wa nyama na kondoo bila mbolea ya chumvichumvi wala madawa ya kila mara. Yafaa basi tutazame njia waliyoipita wenzetu.

Asili yake iko India. Huko Indore, kati ya 1924 na 1931, Bwana Albert Howard alitengeneza utaratibu wa kuozesha samadi pamoja na takataka za shamba. Aliandika kwamba maksai wake, waliolishwa mazao ya ardhi yenye rutuba, hawakuambukizwa ugonjwa wa miguu na midomo ingawa walipakana na ng'ombe wagonjwa. Utaratibu huo ulifika hata mashamba ya kahawa ya Kenya. Mwaka 1939 Bibi Eve Balfour alianza majaribio yake Haughley, Uingereza. Na mwaka 1946 yeye na wenzake wakaunda Soil Association.

Mwaka 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kichaa cha ng'ombe huenda kimewapata watu. Walaji wakataka kujua mnyama alilishwa nini. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukatoa kanuni za mifugo: malisho yangoje miaka miwili, ng'ombe wa nyama afugwe kwa masharti hayo miezi 12, tena si chini ya robo tatu ya umri wake, kondoo miezi 6. Kumtibu mnyama mgonjwa hakukukatazwa. Kilichokatazwa ni kuwapa wazima dawa za viwandani kwa kinga, ila chanjo iliruhusiwa.

Wafugaji walipanda klova ili kurutubisha ardhi, wakapokezanisha ng'ombe na kondoo malishoni, kwa kuwa minyoo mingi ya kondoo haistawi tumboni mwa ng'ombe.

Uzito wa jambo hili umo katika ile miaka miwili: gharama imekwisha kuanza, na bei ya juu haijaja. Tena kwetu kuna kupe, na ndigana kali haimsubiri mtu. Anayeacha josho bila shauri la bwana mifugo aweza kupoteza zizi zima.

Kwa hiyo hatumhimizi mwanachama kuanza peke yake. Mkono mmoja haulei mwana. Tukubaliane kwanza soko, daftari za mifugo na akiba ya kungojea, ndipo tuanze.