Kwelea si mnana

Mwulize mtu wa Kombewa jina la ndege aliyefuma viota mtini nje ya boma, atakwambia ni osogo. Kwa Kiswahili ni mnana. Siku hizi, hasa baada ya makundi kuvamia mpunga wa Kano, Kisumu, Januari 2023, kila kidege kinachodonoa nafaka hubatizwa kwelea. Tusiwachanganye.

Ukoo wao mmoja, tabia mbalimbali. Mnana hupenda kujenga karibu na watu. Kwelea, huyu mwenye mdomo mwekundu, ni wa nyika kavu na hafungwi na mahali: hufuata mvua na mbegu za nyasi, na zikiadimika hushukia mtama, ngano au mpunga. Mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku. Zidisha kwa milioni.

Linnaeus alimwandika quelea mwaka 1758. Baadaye wanasayansi wakalirudia jina, Quelea quelea. Watanzania nao huandika kweleakwelea. Mimi kwelea moja yanitosha, maana ndege wenyewe wanajirudia vya kutosha.

Kinachonisikitisha zaidi ni kitenzi kilichosahaulika. Tunasema wakulima “wanafukuza ndege”, ilhali tunalo neno kuamia: kulinda nafaka shambani isiliwe na ndege. Mtoto anayepiga debe kando ya mtama huko Seme anaamia. Sumu ya fenthioni iliyonyunyizwa dhidi ya kwelea Kisumu haiamii. Inaua, na huweza kuwadhuru hata mwewe wanaokula mizoga yao.