Baada ya mahafali: Njia ndefu ya daktari mpya kutoka chuoni hadi kazini

SOKO la Kenyatta jijini Nairobi hufahamika zaidi kwa nyama choma, wasusi wa nywele na mafundi wa cherehani. Wachache hukumbuka kwamba hatua chache kutoka sokoni humo ndipo madaktari wengi wa Kenya walipopatia shahada zao.

Eneo hilo ndilo lenye Hospitali Kuu ya Kitaifa ya Kenyatta (KNH) pamoja na kitivo cha utabibu cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Karibu na hapo kuna makao makuu ya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC), Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) na Hospitali ya Mbagathi.

Kwa sababu hiyo, mtaa huu mmoja unaonyesha karibu njia zote anazoweza kufuata mtu aliyesomea udaktari: kutibu, kufundisha, kutafiti, kujiendeleza kimasomo, na hata kuiacha taaluma na kujitosa katika biashara.

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akishavaa joho siku ya mahafali, shida zimekwisha. Wahenga walisema kutangulia si kufika. Kwa mhitimu wa udaktari, joho ni mwanzo wa safari nyingine ambayo katika miaka ya karibuni imejaa vikwazo.

Chimbuko la shahada

Hospitali ya Kenyatta ilianzishwa mwaka wa 1901 ikiwa na vitanda 40 pekee, nayo ilikusudiwa kuwahudumia Waafrika. Mwaka wa 1952 ilipewa jina la Mfalme George wa Sita, kisha ikapata jina la Kenyatta baada ya nchi kujinyakulia uhuru. Mwaka wa 1987 ilifanywa shirika la serikali.

Kwa miaka mingi, kijana Mkenya aliyetaka kuwa daktari alilazimika kwenda Makerere nchini Uganda au kuvuka bahari. Hali hiyo ilibadilika mwaka wa 1967 kitivo cha utabibu kilipofunguliwa Nairobi, na hospitali hiyo ikawa darasa la wanafunzi wake. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka wa 1972.

Wakati huo taifa lilikuwa na madaktari wazalendo wachache mno. Serikali iliwahitaji vijana hao kwa haraka ili wachukue nafasi zilizoshikiliwa na wageni, na mhitimu hakuwa na haja ya kuzunguka na bahasha akitafuta kazi.

Leo mambo ni tofauti. Vyuo vikuu kadhaa, vya umma na vya kibinafsi, vinafundisha udaktari. Idadi ya wahitimu imeongezeka huku nafasi za kazi serikalini zikikosa kukua kwa kasi hiyo, ingawa wagonjwa bado hupiga foleni ndefu hospitalini.

Mwaka wa uanagenzi

Mtu akipata shahada ya kwanza ya udaktari haruhusiwi kufungua kliniki mara moja. Sheria inamtaka kwanza ahudumu kwa muda wa mwaka mmoja kama daktari mwanagenzi katika hospitali iliyoidhinishwa, chini ya uangalizi wa madaktari wenye uzoefu.

Katika mwaka huo, mwanagenzi huzungushwa katika idara kuu za hospitali: upasuaji, magonjwa ya ndani, maradhi ya watoto na huduma za uzazi. Akimaliza na kuridhisha wasimamizi wake, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) humsajili kikamilifu. Kabla ya mageuzi ya sheria ya mwaka wa 2019, chombo hicho kilijulikana kama bodi.

Wakenya waliosomea ng'ambo hulazimika kwanza kufanya mtihani wa baraza hilo kabla ya kukubaliwa kuanza uanagenzi.

Umuhimu wa mwaka huu hauwezi kupuuzwa. Asiyepata nafasi ya uanagenzi hawezi kusajiliwa, na asiyesajiliwa hawezi kuajiriwa kama daktari wala kujiajiri. Hivyo basi, serikali inapochelewa kuwatuma wanagenzi hospitalini, mhitimu husalia nyumbani akiwa na cheti ambacho hawezi kukitumia.

Mvutano wa malipo

Malipo ya wanagenzi yamekuwa kiini cha mvutano mkubwa kati ya serikali na Muungano wa Madaktari (KMPDU).

Madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba wa mwaka wa 2013. Mnamo Februari 2017, viongozi saba wa muungano huo walifungwa jela kwa kukaidi agizo la mahakama, kisha wakaachiliwa baada ya siku chache. Mgomo huo ndio uliozaa mkataba wa mwaka wa 2017, ambao ulimpa mwanagenzi haki ya kulipwa takriban Sh206,000 kwa mwezi.

Mwaka wa 2024 serikali ilisema haina uwezo wa kulipa kiasi hicho, ikapendekeza Sh70,000. Madaktari walikataa. Mgomo ulioanza katikati ya Machi mwaka huo uliendelea hadi Mei 8, huku wagonjwa wasio na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi wakiumia zaidi.

Kila upande ulikuwa na hoja yake. Serikali ilidai kwamba kwa fedha zilezile ingeweza kuwachukua wanagenzi wengi zaidi, na kwamba mwanagenzi bado ni mtu anayefunzwa. Madaktari nao walijibu kwamba mwanagenzi hukesha wodini, hupasua na kuzalisha, na kwamba mkataba uliotiwa saini hauwezi kufutwa kwa barua.

Suala la malipo halikutatuliwa mgomo ulipokwisha. Ilikuwa Desemba 2024 ndipo pande mbili zilipoafikiana kwamba wanagenzi walipwe kulingana na mkataba wa 2017. Kabla ya hapo, wahitimu wengi walikuwa wamesubiri kwa miezi mingi bila kazi wala mshahara.

Ajira katika kaunti

Baada ya kusajiliwa, daktari hutafuta ajira. Hadi mwaka wa 2013, mwajiri wake mkuu alikuwa serikali kuu kupitia Wizara ya Afya. Katiba ya mwaka wa 2010 ilihamisha huduma nyingi za afya hadi kaunti, na tangu 2013 madaktari wengi wa umma huajiriwa na serikali za magatuzi.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida na hasara. Baadhi ya maeneo yaliyosahaulika kwa miaka mingi yalipata hospitali na vifaa. Hata hivyo, madaktari wamelalamikia mishahara inayochelewa, kukosa kupandishwa vyeo na kandarasi za muda mfupi zisizo na malipo ya uzeeni.

Mwaka wa 2018 serikali ilipowaleta madaktari 100 kutoka Cuba, manung'uniko yaliongezeka kwa kuwa baadhi ya madaktari wazalendo walikuwa hawajaajiriwa. Serikali ilijitetea kwamba wengi wa wageni hao walikuwa wataalamu wa nyanja ambazo hazikuwa na Wakenya wa kutosha. Mpango huo ulisitishwa mwaka wa 2023.

Wanaotaka kubobea hurejea darasani kusomea uzamili, kozi inayochukua kati ya miaka mitatu na mitano. Wengi wao huonekana tena katika wodi za KNH, safari hii wakiwafundisha wanafunzi wadogo huku wao wenyewe wakifundishwa na maprofesa.

Waliofika mbali

Historia ya kitivo hicho ina mifano ya watu ambao shahada iliwafikisha mahali wasipotarajia.

Prof Miriam Were alipata shahada yake ya kwanza Marekani, akafanya kazi ya ualimu, kisha akaingia kitivo cha utabibu cha Nairobi na kuhitimu mwaka wa 1973. Badala ya kubaki katika hospitali kubwa, alielekeza juhudi zake vijijini. Katika miaka ya 1970 alishiriki katika mradi wa magharibi mwa Kenya uliowafunza wanakijiji kulinda afya zao wenyewe.

Baadaye alipata shahada ya uzamifu katika afya ya umma kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, akahudumu katika mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kuongoza Baraza la Kitaifa la Kudhibiti Ukimwi nchini. Mwaka wa 2008 Japan ilimtunuku Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Wazo alilolipigania halikufa: Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa jamii wapatao 100,000.

Dkt Margaret Ogola alihitimu katika kitivo hichohicho mwaka wa 1984 na kubobea katika maradhi ya watoto. Aliwahudumia watoto mayatima walioathiriwa na virusi vya Ukimwi, na wakati huohuo akawa mwandishi. Riwaya yake The River and the Source, iliyochapishwa mwaka wa 1994, ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta na ikatahiniwa katika shule za upili. Alifariki mwaka wa 2011.

Katika chuo hichohicho, ingawa si katika udaktari wa binadamu, alikuwapo Prof Wangari Maathai. Alikwenda Marekani mwaka wa 1960 miongoni mwa wanafunzi karibu 300 waliosafirishwa kupitia mpango ulioanzishwa na Tom Mboya. Mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu, na akafundisha somo la maumbile ya wanyama.

Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili kuwania kiti cha ubunge. Alizuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha kazini. Mtu mwingine huenda angekata tamaa. Yeye alijitolea kikamilifu kwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani alilolianzisha mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akatuzwa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Jambo moja linawaunganisha watatu hawa: hakuna aliyefuata njia iliyonyooka. Kila mmoja alitumia elimu yake kutatua tatizo aliloliona mbele yake, hata pale ambapo tatizo hilo halikuwa katika masharti ya ajira.

Mzigo wa mkopo

Mhitimu wa leo hata hivyo ana mzigo mwingine. Wengi husoma kwa mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Mkopo hutozwa riba ya asilimia nne kwa mwaka, na mhitimu hutarajiwa kuanza kuulipa mwaka mmoja baada ya kukamilisha masomo. Anayekosa kulipa hutozwa faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi.

Hesabu hiyo ni rahisi kuielewa. Daktari anayesubiri uanagenzi kwa muda mrefu anaweza kujikuta deni limeanza kudaiwa kabla hajapokea hata mshahara mmoja. Jamaa waliouza shamba au ng'ombe ili asome nao husubiri msaada kutoka kwake.

Ndiyo sababu baadhi hutazama nje ya nchi. Uhamiaji wa wahudumu wa afya si jambo geni, na mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwawezesha wauguzi na wahudumu wengine wa afya wa Kenya kufanya kazi huko. Anayeondoka hupata mshahara mnono, lakini hospitali aliyoiacha hupoteza mtu aliyegharimiwa na walipa kodi kwa miaka mingi.

Wengine huingia katika utafiti, mashirika yasiyo ya kiserikali, kampuni za bima au biashara zao binafsi. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilieleza katika ripoti yake kuhusu Kenya ya mwaka wa 1972 kwamba biashara ndogondogo zisizo rasmi, zilizokuja kujulikana kama jua kali, hazikuwa aibu bali tegemeo la uchumi. Wasusi na mafundi wa Soko la Kenyatta ni sehemu ya sekta hiyo, na msomi anayejiunga nao hajapoteza elimu yake.

Ya kuzingatia

Kwa mzazi na mwanafunzi anayechagua udaktari, ni vyema kufahamu mapema kwamba kati ya kujiunga na chuo na kusajiliwa kikamilifu inaweza kupita miaka saba au zaidi.

Aidha, ni muhimu kuhakikisha kwamba chuo kinachochaguliwa, hasa cha ng'ambo, kinatambuliwa na baraza la madaktari. Mhitimu naye anashauriwa kuwasiliana na HELB mapema anapokosa kazi, badala ya kunyamaza huku faini zikirundikana.

Kwa upande wa serikali, kila mwezi ambao mwanagenzi anakaa nyumbani ni mwezi ambao wodi fulani inakosa daktari. Nchi iliyotumia fedha kumsomesha kijana kwa miaka sita haina budi kumpa nafasi ya mwaka wa saba.