Sauti Nzito na Mipaka Yake

Katika muziki, sauti nzito ni kama msingi wa nyumba: haitazamwi na wageni, lakini kuta zote husimama juu yake. Ikipungua, wimbo hukosa pa kukanyaga. Ikizidi, huzimeza sauti zingine. Kutafuta kipimo baina ya upungufu huo na ziada hiyo ndiyo kazi iliyowashughulisha mafundi wa kunasa sauti kwa zaidi ya miaka mia moja, na watengenezaji wa muziki wa umeme ni warithi wao.

Tangu Edison alipounda mashine yake mwaka 1877 hata kufikia 1925, sauti ilinaswa bila ya umeme. Sauti nzito zilifika dhaifu, na aghalabu besi kubwa ya nyuzi iliwekwa kando, tuba ikashika mahali pake. Umeme ulipoingia, aliyekuwa dhaifu alipata nguvu, na tatizo likageuka. Sauti nzito huifanya sindano ya kuchongea iyumbe kwa upana. Mfuo mpana hula nafasi ya santuri na kufupisha muda wake. Ukizidi, hugusa mfuo wa jirani, au sindano ya msikilizaji huruka.

Dawa ilikuwa kuipunguza sauti nzito wakati wa kuchonga, na kuirudisha wakati wa kupiga. Kampuni nyingi zilikuwa na vipimo mbalimbali, mpaka mwaka 1954 chama cha watengenezaji wa santuri wa Marekani kilipokubali kipimo kimoja. Kwa kipimo hicho, sauti ya mitetemo 20 kwa sekunde huchongwa ikiwa imeshushwa desibeli zipatazo 19 chini ya sauti ya mitetemo 1,000, na kinanda huiongeza kwa kadiri ile ile. Santuri za stereo zilipoenea kuanzia 1958, mafundi walijiwekea sharti jingine: sauti nzito ikae katikati. Kushoto na kulia zikipingana, sindano hupanda na kushuka hata kutoka katika mfuo.

Mpaka huo ulizaa adabu. Adabu nayo ikazaa sanaa. Mjini Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, fundi wa umeme Osbourne Ruddock, maarufu kwa jina la King Tubby, alizichukua nyimbo zilizokwisha kunaswa, akaondoa waimbaji, akabakiza ngoma na besi. Kisha besi yenyewe aliitoa ghafula na kuirudisha ghafula. Iliporudi ilionekana imekua, ingawa kipimo chake hakikuongezwa. Ukubwa wake ulitokana na ukimya ulioitangulia.

Baadaye mashine zilichukua nafasi ya ngoma yenyewe. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ya ngoma iitwayo TR-808, ambayo mlio wake mzito uliweza kurefushwa hata ukafanana na besi. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1983, baada ya mashine kama 12,000. Zilipouzwa rahisi mikononi mwa watu, vijana wa Marekani walizinunua na kuzijengea muziki mpya.

Hapo pakazuka ugomvi wa wenyeji wawili katika chumba kimoja. Ngoma na besi zote hukaa kati ya mitetemo 40 na 100, na zikinguruma pamoja moja huifunika nyingine. Fundi mwangalifu huzigawia makao: ngoma chini kidogo, besi juu yake, au kinyume. Yaliyo chini ya mitetemo 30, ambayo vipaza sauti vingi haviwezi kuyatoa, huyachuja. Tena huweka kifaa kinachoibana besi kwa amri ya ngoma: ngoma ilipigwapo, besi huinama kwa kitambo kisichotimia sekunde, kisha huinuka. Nchini Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuinama huko kuliachwa kusikike waziwazi, wimbo ukawa kama unavuta pumzi.

Diski ya kompakti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, haikuwa na mfuo wala sindano ya kuruka. Yamkini wako waliodhani kuwa mipaka imekwisha. Lakini hesabu za diski zina dari, na sauti nzito, kwa kuwa hubeba nguvu nyingi, huifikia upesi. Chumba nacho kina sheria yake: wimbi la mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa mita 7 hivi, hurudi kutoka ukutani na kulundikana pembeni, likamdanganya anayepima. Hata sikio hudanganya. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio huzisikia sauti nzito hafifu kuliko zile za kati. Anayepanga muziki kwa sauti ndogo huongeza besi bila ya kujua, na ukumbini huwalemea wachezaji. Wala kulemewa huko si jambo la adha tu, maana kusikia kulikoharibiwa na kishindo hakurudi.

Mfuo ulikuwa mwalimu mkali: aliyemwasi alionywa palepale na sindano. Mitambo ya leo haimwonyi mtu kwa ukali huo. Hutii kila aombalo. Kwa hiyo kipimo kilichokuwa ndani ya santuri imelazimu kihamie ndani ya fundi mwenyewe, na asiyekuwa nacho hana chombo cha kumkopesha.