Kazi ya Kukanda Viungo Katika Japani

Huenda umepata kukandwa na bibi yako mgongo ulipokuuma. Je, kazi hiyo yaweza kuwa na shule? Tutazame habari za Japani.

Katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, tabibu kipofu, alianzisha shule za kuwafundisha vipofu kutibu kwa sindano na kukanda. Tangu hapo wengi wao walipata riziki kwa mikono yao.

Mwaka 1947, Japani ikiwa imeshindwa vitani, wakuu wa jeshi la Marekani walitaka kazi hizo zikomeshwe. Vipofu wakapinga kwa nguvu, maana chakula chao ndicho kilichokuwa kikiondolewa. Desemba ikatoka sheria: kazi ibaki, lakini afanyaye awe amesoma na ana cheti. Shiatsu, yaani kubonyeza mwili kwa vidole, ambayo Tokujiro Namikoshi aliifungulia shule Tokyo mwaka 1940, ikatiwa katika sheria mwaka 1955. Siku hizi mwanafunzi husoma miaka 3 au zaidi, kisha hufanya mtihani wa serikali.

Basi jiulize: ni kazi gani ya mikono kwenu inayongoja shule yake?