Maji ya Mgongo: Jinsi Maabara Ilivyoufuata Ugonjwa wa Malale kwa Zaidi ya Karne

Novemba 1902, mjini Entebbe kando ya Ziwa Victoria, daktari Mwitaliano mwenye umri wa miaka 28, Aldo Castellani, aliinamia hadubini akitafuta bakteria. Alichokuwa akikichunguza ni maji yaliyotolewa kwa sindano mgongoni mwa mgonjwa wa malale. Badala ya bakteria aliowatarajia, aliona mdudu mwembamba mwenye mkia akijinyonganyonga. Alikuwa kimelea aitwaye tripanosoma. Hakuna aliyewahi kumwona mdudu huyo katika maji yanayozunguka ubongo wa binadamu.

Wakati huo Uganda ilikuwa katika msiba. Mwaka 1901, Albert Cook na nduguye Jack, madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, walianza kupokea wagonjwa waliokuwa wakisinzia mchana, wakipoteza fahamu polepole, wakikonda hadi kufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota. Ulienea Busoga na Buganda, ukavamia visiwa vya Ssese, na katika muda wa takriban miaka 20 unakadiriwa kuua watu zaidi ya 250,000. Vijiji vizima vya pwani ya ziwa vilibaki mahame.

Mwaka 1902 chama cha wanasayansi cha Royal Society cha London kilituma madaktari watatu: George Carmichael Low, Cuthbert Christy na Castellani. Waliondoka Ulaya wakiwa na dhana kwamba chanzo ni minyoo midogo ya damu aina ya filaria. Christy alizunguka nchi akichora ramani, na ramani ikaiangusha dhana hiyo: palikuwa na sehemu zenye filaria tele zisizo na malale, na sehemu zenye malale zisizo na filaria. Castellani naye alikuwa na dhana yake. Aliwakuta bakteria aina ya streptokoki katika miili ya waliokufa, akaamini hao ndio wauaji. Ili kuthibitisha, ilimbidi awatafute katika maji ya mgongo ya wagonjwa walio hai.

Ufundi uliotoka Kiel

Sindano aliyoitumia Castellani ilikuwa ufundi mpya wakati ule, ingawa maji yenyewe yalikuwa yamejulikana kitambo. Wapasuaji wa maiti wa zamani walizoea kukata kichwa kwanza, maji yakamwagika kabla hawajayaona, nao wakahitimisha kwamba hayapo. Domenico Cotugno wa Naples alifanya kinyume. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1764 alieleza jinsi alivyoisimamisha maiti bila kukata kichwa, akapasua sehemu ya kiuno, na maji yakatoka.

Kuyapata kwa mtu aliye hai kulisubiri zaidi ya miaka 120. Huko London, Walter Essex Wynter alijaribu kuyatoa kwa wagonjwa wa kifua kikuu cha utando wa ubongo. Lakini aliyeufanya ufundi huo uwe kazi ya kawaida ya daktari ni Heinrich Quincke wa Kiel, Ujerumani. Katika mwaka 1890 na 1891 alipitisha sindano nyembamba kati ya pingili za kiuno za watoto waliojaa maji kichwani. Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia juu ya hapo, kwa hiyo sindano inayoingia kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno haiugusi. Quincke alikusudia kupunguza shinikizo kichwani, ila hakuishia hapo. Alipima shinikizo la maji hayo, protini na sukari yake, na akatafuta vijidudu ndani yake. Kwa kufanya hivyo aliifungulia maabara mlango ambao haujafungwa hadi leo.

Maji haya kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mililita 150, maangavu kabisa, na hayapaswi kuwa na chembe nyeupe za damu zaidi ya 5 katika kila mikrolita. Yakiwa na ukungu, kuna jambo. Sukari ikishuka na chembe zikijaa, daktari hufikiria homa ya uti wa mgongo ya bakteria. Huko Paris, mwaka 1900 na 1901, Widal, Sicard na Ravaut walianza kuzitazama chembe hizo kwa mpangilio na kuzitumia kutofautisha maradhi. Castellani alifika Entebbe na ufundi huo ukiwa bado mbichi.

Kipimo cha robo saa

Mafanikio ya Castellani yalitokana na subira ya kimaabara. Matone ya kwanza aliyaacha yapite, kwa sababu mara nyingi huchanganyika na damu ya jeraha la sindano, na mdudu wa kwenye damu angeweza kudhaniwa ametoka kwenye maji. Kisha alikinga kama mililita 10 za maji safi, akaziweka katika mashine ya kuzungusha vichupa kwa kasi, na kuziacha kwa robo saa. Chini ya kichupa hubaki mashapo kidogo yenye weupe, na hayo ndiyo aliyoyatia chini ya hadubini. Bila kuzungusha, tripanosoma wachache waliomo humkwepa mchunguzi. Kwa njia hiyo aliwakuta kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa malale aliowachunguza, na hakuwakuta katika maji ya wagonjwa wa maradhi mengine.

Machi 1903 aliwasili David Bruce, aliyekuwa amekwisha kuonyesha huko Zululand kwamba nagana ya ng'ombe husababishwa na tripanosoma wanaobebwa na mbung'o. Castellani alimweleza alichokiona, na Bruce akatambua uzito wake mara moja. Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwahimiza machifu wakusanye mainzi wanaouma kutoka pande zote za nchi, na ramani ya mbung'o ikalingana na ramani ya malale. Baadaye ulizuka ubishi wa hadharani kuhusu nani hasa mgunduzi kati ya Castellani na Bruce, na mwaka 1908 ugomvi huo ulifika kwenye kurasa za gazeti la The Times. Mmoja alimwona mdudu mahali pake, mwingine akaunganisha mdudu, inzi na ugonjwa.

Hatua ya kwanza, hatua ya pili

Baada ya chanzo kujulikana, maji ya mgongo yalipewa kazi nyingine. Malale hutembea kwa hatua mbili. Kwanza vimelea hukaa katika damu na mitoki, mtu akawa na homa, maumivu ya viungo na tezi zilizovimba shingoni. Kisha huvuka na kuingia kwenye ubongo, ndipo usingizi huharibika na akili kuyumba. Mwaka 1908, huko Léopoldville, mji unaoitwa Kinshasa sasa, Broden na Rodhain waliandika kuhusu mabadiliko ya maji ya mgongo kwa wagonjwa wa malale. Kuhesabu chembe nyeupe kukawa njia ya kujua ugonjwa umefika wapi. Chembe 5 au pungufu, bila vimelea: hatua ya kwanza. Zaidi ya 5, au vimelea vikionekana: hatua ya pili.

Mpaka huo mwembamba uliamua maisha ya watu kwa sababu ya dawa. Suramin na pentamidine huua vimelea vya damuni lakini haziingii vya kutosha kwenye ubongo. Dawa zilizoingia zilikuwa na sumu ya aseniki. Atoxyl, ambayo Robert Koch aliijaribu visiwani Ssese mwaka 1906 na 1907, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Huko Bafia, Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1920, dozi kubwa mno za tryparsamide ziliwapofusha mamia ya watu katika mpango ulioongozwa na daktari Mfaransa Eugène Jamot. Melarsoprol, iliyotolewa na Ernst Friedheim mwaka 1949, iliokoa wengi waliokuwa wamekata tamaa, lakini iliunguza mishipa ya mkono na kuua karibu mgonjwa 1 kati ya 20 waliotibiwa kwayo.

Kwa hiyo mtaalamu wa maabara aliyehesabu chembe chini ya hadubini alibeba mzigo mzito. Akihesabu pungufu, mgonjwa atapewa dawa hafifu na ugonjwa utabaki ubongoni. Akizidisha, atamwingiza mtu kwenye aseniki bila sababu. Isitoshe, tripanosoma huanza kufa dakika chache baada ya kutolewa mgongoni, hivyo maji hayakuweza kusafirishwa hadi mjini. Hadubini ilipaswa kumfuata mgonjwa kijijini, mezani chini ya mti ikibidi.

Sindano iliyoogopwa

Katika Kongo ya Wabelgiji na makoloni ya Wafaransa, vikosi vya tiba viliita vijiji vizima kwa amri ya serikali. Watu walipanga foleni, wakapapaswa shingo, wakatobolewa tezi, na waliokutwa na vimelea wakachomwa mgongoni. Palipokuwa na amri, pasipo maelezo, wengi walitoroka. Hofu hiyo haikuwa ujinga. Sindano huuma, huweza kuacha kichwa kikigonga kwa siku kadhaa, na waliokuwa wakiichoma walikuja kwa amri ya serikali ileile iliyotoza kodi na kulazimisha kazi.

Uhuru ulibadilisha waliovaa makoti meupe, lakini sindano ilibaki. Hata baada ya tiba, mgonjwa alitakiwa kurudi kila baada ya miezi sita kwa miaka miwili, atolewe maji tena ili kuthibitisha kwamba amepona. Wengi hawakurudi. Vita na kudorora kwa huduma viliurudisha ugonjwa kwa kishindo: mwaka 1998 ziliripotiwa karibu kesi 40,000 barani Afrika.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha ya dawa muhimu tiba ya pamoja ya eflornithine na nifurtimox. Sumu ya aseniki ilianza kuwekwa kando kwa malale ya Afrika ya Kati na Magharibi, yaani aina ya gambiense, lakini mgonjwa alihitaji dripu 14 hospitalini, na bado alilazimika kuchomwa mgongoni ili ajulikane yuko hatua gani.

Kidonge kilichojibu swali

Fexinidazole ndiyo iliyobadilisha hesabu. Ni vidonge vinavyomezwa kwa siku 10, vinavyofika damuni na ubongoni pia. Dawa ikiweza kutibu hatua zote mbili, kujua mgonjwa yuko hatua gani hupoteza sehemu kubwa ya umuhimu wake. Ilijaribiwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa wagonjwa 394 wa hatua ya pili, kazi iliyoongozwa na daktari Mkongomani Victor Kande. Asilimia 91 ya waliomeza fexinidazole walipona, dhidi ya karibu 98 ya waliopewa dripu. Novemba 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuiunga mkono, na mwaka uliofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ukaruhusu wagonjwa wengi kutibiwa bila kutolewa maji. Mwaka 2018 kesi zilizoripotiwa zilikuwa chini ya 1,000. Uganda ilithibitishwa mwaka 2022 kuwa imeondoa malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii, Rwanda mwaka huohuo kwa aina nyingine ya malale, rhodesiense, na Kenya ikafuata mwaka 2025.

Hata hivyo sindano haijastaafu. Majaribio yaleyale yalionyesha kwamba kwa mgonjwa mwenye chembe zaidi ya 100, dripu bado ina nguvu kuliko vidonge. Kwa hiyo mtu mwenye dalili nzito za ubongo bado hutolewa maji, sawa na mtoto wa chini ya miaka 6 au mwenye uzito chini ya kilo 20. Na takwimu hizo zenyewe zilitoka wapi? Zilitoka katika migongo ya wakulima na wavuvi wa Kongo na Afrika ya Kati waliokubali kushiriki utafiti, wakachomwa sindano mwanzoni, kisha wakarudi kuchomwa tena na tena kwa miezi 18 ili ijulikane kama vidonge vimefika kichwani. Wao ndio waliolipia msamaha ambao mgonjwa wa leo anaupata bila hata kulala ubavu.