SOMO LA LEO: MTU ANAYEKAA NYUMA YA DARASA

Sogeeni karibu na redio. Mwenye miwani na aivae.

Leo twataka kuzungumza habari za mtu aingiaye darasani asifundishe. Hukaa nyuma, hutazama. Mwalimu akimwita, husaidia. Mtu huyu ni mwalimu mwanafunzi. Alifanya kazi kubwa katika nchi yetu, na jambo lenyewe lilianzia katika mkoa wetu huu wa Mara.

Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma. Wajumbe wakakata shauri kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi. Shauri la kwanza lilikuwa kungoja mpaka mwaka 1989. Basi miaka 12 ikaondolewa katika kikao kimoja! Hilo ndilo Azimio la Musoma.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 1974 watoto wa shule za msingi nchi nzima walikuwa kama milioni 1 na laki 2. Mwaka 1978 walikuwa karibu milioni 3. Darasa laweza kujengwa kwa udongo na nyasi. Lakini mwalimu hafinyangwi kwa udongo.

Ndipo Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka katika shule za vijijini. Hawakupelekwa chuoni kwanza. Saa nyingine walikuwa darasani pamoja na watoto. Saa nyingine walisoma masomo kwa njia ya posta, wakasikiliza masomo ya redio kama ninyi mnavyosikiliza sasa, na wakufunzi wakawaongoza. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma machache, wakafanya mtihani. Kwa njia hiyo vijana zaidi ya 30,000 wakawa walimu. Watu waliwaita "walimu wa UPE", na wengine walilitamka neno hilo kwa kucheka.

Je, walistahili kuchekwa? Mimi naona sivyo. Kijana aliyeachwa peke yake mbele ya watoto wengi, kabla hajatazama mwenzake akifundisha, alifanya makosa; nani asingefanya? Lakini pale mwalimu mzoefu alipomkalisha nyuma na kumwambia, "Tazama kwanza," kijana alijifunza mambo yasiyo katika kitabu.

Chukueni mfano. Mtoto wa darasa la kwanza nyumbani husema Kikuria, au Kingoreme. Mwalimu ametoka mbali. Amuuliza kwa Kiswahili, "Vidole vyako ni vingapi?" Mtoto kimya. Mwalimu aweza kudhani ni mjinga. Lakini kijana wa kijiji, aliyekaa nyuma, ainama, amnong'oneza maneno mawili ya nyumbani, na mtoto ajibu: "Kumi!" Tena kijana huyo amjua yule mvulana anayechelewa kila siku. Amwambia mwalimu kwamba alikuwa akitoa ng'ombe zizini, wala si mvivu. Mwalimu mgeni angeyajua wapi hayo?

Haya, andikeni maneno matatu: tazama, saidia, fundisha. Juma lijalo tutayasoma pamoja. Kabla ya hapo, mtafuteni katika kijiji chenu mtu aliyefundisha kwa mpango huo, mumwulize siku yake ya kwanza darasani ilikuwaje. Mwandike jibu lake kwa mistari miwili.